Kumbukumbu Iliyo Katika Damu: Historia na Istilahi za Kupima Maambukizo Yaliyopita Kandokando ya Ziwa Victoria

Miaka michache iliyopita niliombwa kuongoza darasa la siku tatu la wafasiri wa maandishi ya afya mjini Mwanza. Waliohudhuria walikuwa wafasiri wachanga, walimu kadhaa wa sekondari, na maofisa wa halmashauri ambao sehemu ya kazi yao ni kuwasomea wananchi matangazo na fomu. Siku ya pili niliwapa sentensi moja ya Kiingereza niliyoitunga mwenyewe, kuhusu kisiwa kisichokuwapo. Ilisema kwamba katika damu ya robo ya wakazi wa kisiwa hicho zimeonekana kingamwili za virusi vya chikungunya. Nilidhani ni sentensi nyepesi ya kuchangamshia akili kabla ya chai, lakini ilitushika mpaka adhuhuri.

Wa kwanza aliandika: "Robo ya wakazi wa kisiwa wana chikungunya." Wa pili aliandika kwamba robo yao "wameathirika na virusi". Wa tatu akasema wakazi hao "wana kinga dhidi ya chikungunya". Wa nne, ambaye wenzake walimwona kuwa ndiye hodari, aliandika kwamba robo ya wakazi "wamewahi kuugua chikungunya". Mama mmoja, ofisa ustawi wa jamii kutoka Nansio, alisikiliza majibu yote manne kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa mimi nikawasomee watu ipi kati ya hizi? Maana ya kwanza itawakimbiza, ya pili itawavunjia ndoa, na ya tatu itawafanya waache vyandarua."

Kati ya tafsiri hizo nne hakuna iliyosema kile kilichosemwa. Na kosa si la wafasiri peke yao. Jambo linalopimwa katika sentensi ile, yaani alama inayobaki katika damu ya mtu baada ya virusi kuingia mwilini na kutoka, lina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, na pwani za Ziwa Victoria zimo katikati ya historia hiyo. Magonjwa yenyewe yamekwenda ulimwenguni yakiwa na majina ya kwetu. Ajabu ni kwamba kile kinachopimwa hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuisimulia historia hiyo kwa kiasi kinachomfaa mfasiri, kisha kueleza ni maneno gani yanafaa na yapi yanapotosha.

Kabla ya watu kujua kuisoma damu, kipimo kilikuwa kumbukumbu ya wazee. Mwaka 1870 homa yenye maumivu makali ya viungo iliingia Unguja na kuenea upesi. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati huo, aliandika kwamba watu wazima wa pale waliitambua mara moja. Walisema ugonjwa huohuo uliwahi kupita kiasi cha miaka 48 nyuma, na jina lake walilijua: kidingapopo. Jina hilo, ambalo wengine walilitamka kidinga pepo, wataalamu wengi wanalihusisha na asili ya neno "dengue" linalotumika leo hospitalini. Lakini mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Carey alidai kwamba ugonjwa wa Unguja wa 1823 na 1870, kwa namna viungo vilivyouma na kukakamaa, yumkini haukuwa dengue hata kidogo, bali ulikuwa chikungunya. Basi jina la Kiswahili lilisafiri, likatua juu ya ugonjwa mwingine, na sasa limerudi nyumbani likiwa na maana isiyokuwa yake ya kwanza. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha uwezo na udhaifu wa kumbukumbu. Wazee wa Unguja waliweza kusema kwa hakika kwamba kitu kile kiliwahi kupita, na pia lini. Wasingeweza kusema ni kitu gani, wala ni wangapi waliopitiwa.

Njia ya kuiuliza damu yenyewe ilipatikana kwa sababu ya homa ya manjano. Mwaka 1930 Max Theiler alionyesha kwamba virusi vya homa hiyo vinaweza kukuzwa katika ubongo wa panya weupe, na mwaka 1931 Sawyer na Lloyd wakatengeneza jaribio ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama jaribio la kumkinga panya. Namna yake ni hii. Damu ya mtu huachwa igande, na yale majimaji ya rangi ya manjano yanayojitenga juu, ambayo ndiyo seramu, huchukuliwa na kuingizwa katika mwili wa panya pamoja na virusi. Panya akifa, seramu ile haikuwa na cha kumsaidia. Panya akipona, maana yake mwenye damu aliwahi kukutana na virusi vile, hata kama ni miaka 30 iliyopita, hata kama yeye mwenyewe hakumbuki kuugua. Panya alikuwa shahidi wa jambo ambalo mwenye damu hana habari nalo.

Kwa jaribio hili seramu zilikusanywa sehemu nyingi za Afrika katika miaka ya 1930 ili kujua homa ya manjano imefika wapi, na mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha taasisi ya utafiti wa homa hiyo Entebbe, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Taasisi ile ilikwenda mbali zaidi ya kusudi lake la kwanza. Mwaka 1937 virusi visivyojulikana vilipatikana katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, na leo dunia nzima inaviita kwa jina la wilaya hiyo. Mwaka 1947 nyani aliyewekwa juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, alipata homa, na kutokana naye vikapatikana virusi vya Zika. Mwaka uliofuata virusi hivyohivyo vikapatikana katika mbu wa msitu ule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1952, na mwaka huohuo Smithburn akatoa matokeo ya kupima seramu za wakazi wa Afrika ya Mashariki dhidi ya virusi hivi vipya. Baadhi ya watu walionekana kuwa na kingamwili za virusi ambavyo hakuna daktari aliyewahi kumwona mgonjwa wake.

Hapa ndipo tofauti inayotusumbua wafasiri ilipozaliwa. Kabla ya hapo, kuambukizwa na kuugua yalikuwa mambo mawili ya wakati mmoja, na lugha haikuona haja ya kuyatenga. Sasa kulikuwa na watu walioambukizwa ambao hawakuugua, na waliokuwa wameambukizwa ambao sasa hawana virusi mwilini. Ilibidi pia wataalamu wajifunze kuisoma damu kwa umri. Ikiwa watoto wa chini ya miaka 10 hawana kingamwili na wakubwa wanazo, basi virusi vilipita kabla ya watoto hao kuzaliwa, na havijarudi. Ikiwa kingamwili zinaongezeka taratibu kadiri umri unavyopanda, virusi havikuondoka kamwe, bali vinampata huyu leo na yule mwakani. Mwenye sampuli za kutosha anaweza kuandika historia ya kijiji kisicho na daftari lolote la zahanati.

Ugonjwa ulioifanya elimu hii iwe jambo la wananchi, si la maabara tu, ulitokea mara mbili, kwanza kusini mwa Tanganyika na kisha kwenye Ziwa. Mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Wamakonde, huko Newala, ulikumbwa na homa iliyowafanya watu washindwe kunyoosha viungo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandishi ya mwaka 1955, na R. W. Ross akavipata virusi vyake. Jina walilolitumia ni lile walilolisikia kwa wagonjwa: chikungunya, neno la Kimakonde litokanalo na kitendo cha kujikunja au kukunjamana. Kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho ki- chetu, kwa hiyo kama jina lingepita kwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kupelekwa Uingereza, huenda leo ulimwengu ungesema "kikungunya". Halikupita, na sasa si vizuri kulisumbua.

Mwaka 1959 homa nyingine ilianza kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Dalili zake zilifanana sana na zile za Newala: homa, vipele, viungo kulegea kwa maumivu. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, kwa maana ya kulegeza au kuvunja viungo, na jina hilo likakaa. Homa ile ilitembea kuelekea kusini kwa mwendo uliokadiriwa kuwa kilomita 2 hadi 3 kwa siku, ikalizunguka Ziwa, ikaingia Kenya na Tanganyika. Hadi ilipotulia mwaka 1962 ilikadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walikuwa wameugua. Waliokufa walikuwa wachache mno, na pengine hii ndiyo sababu haikumbukwi sana katika vitabu, ingawa kijiji kizima kulala kitandani wakati wa kulima ni jambo zito hata kama hakuna anayezikwa.

Watafiti wa Entebbe walipoyatafuta mapito yake, walikuta inachukuliwa na mbu wa Anofelesi, yaani mbu walewale wa malaria. Hili halikutegemewa, kwa sababu virusi vya namna hii aghalabu huchukuliwa na mbu wa jamii nyingine, wale wa Edesi wenye madoa meupe wanaouma mchana. Maana yake kwa pwani ya Mwanza, Musoma na Bukoba ni kwamba mgonjwa wa o'nyong-nyong na mgonjwa wa malaria wanaumwa na mbu mmoja, katika nyumba moja, usiku mmoja, na wakifika zahanati wote wawili huandikwa malaria. Daftari haliwezi kuwatenganisha. Baada ya 1962 ilidhaniwa kwamba virusi vile vimetoweka, mpaka mwaka 1978 vilipopatikana tena katika mbu wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu. Mwaka 1996 na 1997 homa ikalipuka upya kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Rakai, Masaka na Mbarara, na kuvuka mpaka hadi Bukoba. Watafiti walipita kaya kwa kaya wakichukua damu, na katika safari hiyo uchunguzi wa damu ulikuwa sehemu ya kawaida ya kuuelewa mlipuko.

Kuna ugumu mmoja ambao mfasiri anayeshughulika na Ziwa hana budi kuufahamu, kwa maana ukimpita hataelewa kwa nini ripoti hujaa maneno ya tahadhari. Virusi vya chikungunya na vya o'nyong-nyong ni ndugu wa karibu. Kingamwili zilizotengenezwa na mwili kwa ajili ya mmoja huweza kumshika mwingine. Wala undugu huu hauendi sawa pande zote mbili: kingamwili za chikungunya huwashika o'nyong-nyong kwa nguvu, hali kingamwili za o'nyong-nyong huwashika chikungunya kwa udhaifu. Kwa hiyo mzee wa Ukerewe aliyeugua mwaka 1960, akipimwa leo kwa kipimo chepesi cha chikungunya, huenda damu yake ikajibu ndiyo kwa swali ambalo hakuulizwa. Ili kuwatenga, maabara hurudi kwenye jaribio gumu zaidi, la kutazama ni virusi vipi hasa ambavyo seramu inaweza kuvizima, na kwa kiasi gani. Mjukuu wa mbali wa yule panya wa 1931 bado yuko kazini, ingawa sasa ni chembe hai katika sahani ya kioo.

Sasa tuje kwenye visiwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wapimaji hupendelea visiwa. Jibu ni kwamba hesabu hii ni ya sehemu juu ya jumla, na kisiwani jumla inajulikana. Watu wana mpaka, mgeni huja kwa chombo, na mlipuko ukiingia huwa na tarehe. Mfano bora tulionao hautoki Ziwani bali baharini, katika kisiwa ambacho wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kujulishwa. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu. Hadi mwisho wa Julai wagonjwa wapatao 1,300 walikuwa wamehesabiwa. Baadaye mwaka huohuo watafiti walichukua damu ya watu 288, wakakuta kingamwili katika damu ya 215, yaani asilimia 75. Kwa kisiwa chenye watu wapatao 18,000, hiyo ni sawa na watu 13,500 waliopitiwa na virusi, mara 10 ya wale waliohesabiwa. Mwaka 2005 homa ikafika Ngazija, na uchunguzi wa damu ukatoa asilimia 63. Kisha ikavuka hadi Réunion, ambako damu ilionyesha asilimia 38.

Kwa mwalimu anayetafuta mfano wa darasani, tofauti kati ya 1,300 na 13,500 inatosha kueleza kwa nini kipimo hiki kilibuniwa. Kwa mfasiri ni onyo. Namba ya kwanza ni ya wagonjwa. Namba ya pili ni ya watu ambao, siku damu ilipochukuliwa, wengi wao walikuwa wamekwisha kupona na wako baharini wakivua. Ukizitaja namba hizo mbili kwa neno moja, ama utaficha mlipuko ama utautangaza upya baada ya kwisha.

Visiwa vya Ziwa havifanani na Lamu katika jambo hili. Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome vinaunganishwa na bara kila siku kwa vivuko na mitumbwi, na wavuvi huhama kambi kwa kufuata dagaa na sangara, hivyo anayelala Kome leo pengine alizaliwa Ukara na aliugua akiwa Musoma. Kuuliza damu yake kuhusu kisiwa anacholala ni kumuuliza mgeni habari za nyumba aliyofika jana. Mtafiti mzuri huuliza pia mtu ameishi hapo tangu lini, na swali hilo katika fomu ya Kiswahili aghalabu hutafsiriwa "unaishi wapi?", ambalo ni swali jingine kabisa.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote kandokando ya Ziwa hakikuletwa na mbu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Kiswahili kiliupatia ugonjwa huo jina zuri upesi, upungufu wa kinga mwilini, na kifupisho chake kikaenea kuliko istilahi nyingine yoyote ya afya niijuayo. Pamoja na jina, watu wa mikoa ya Ziwa walijifunza maana mpya ya kupimwa damu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI nacho hutafuta kingamwili. Lakini virusi vile haviondoki, na kwa hiyo kuonekana kwa kingamwili zake ni dalili kwamba virusi vyenyewe vimo. Kwa o'nyong-nyong, chikungunya na Zika mambo ni kinyume: kingamwili zinazodumu ni dalili kwamba virusi vilikuja vikaondoka. Kitu kilekile katika damu, jina lilelile, na habari mbili zinazopingana.

Mkoani Mwanza maana hiyo ya kwanza ilikolea zaidi kwa sababu ya tafiti zenyewe. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za mkoa huo, zikiwamo za kando ya ziwa na za visiwani, zilishiriki katika jaribio mashuhuri la kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizo ya UKIMWI. Watu ambao mwanzoni hawakuwa na kingamwili walipimwa tena baada ya miaka 2. Waliokutwa nazo walikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Katika hesabu ile kingamwili mpya ilikuwa ni ambukizo jipya, na ilikuwa sahihi kusema hivyo. Mtu aliyekuwa kijana kisiwani wakati huo sasa ni mzee wa kitongoji. Akija mtafiti mwingine na kumwambia "damu yako imeonekana na kingamwili", hatasikia habari za mbu hata kidogo.

Ndiyo maana tafsiri ya mwanafunzi wangu wa pili, "wameathirika", ilimshtua yule mama wa Nansio. Kwa kamusi neno hilo halina ubaya. Kwa masikio ya Tanzania, "ameathirika" na "mwathirika" yalikuwa na bado yanaweza kuwa tafsida ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na hakuna kamusi itakayomwokoa mtu aliyetajwa hivyo mbele ya majirani. Vivyo hivyo "matokeo chanya". Wanahesabu walituachia chanya na hasi zikiwa safi, lakini mwananchi amezisikia zaidi katika hotuba, ambamo mabadiliko chanya ni mabadiliko mazuri. Nimewahi kumwona kijana akipongezwa na shangazi yake kwa matokeo chanya.

Yaliyotokea mwaka 2016 yalionyesha kwamba suala hili halimalizikii vijijini. Katikati ya Desemba mwaka huo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitangaza matokeo ya utafiti uliohusu watu 533, ambao asilimia 15.6 kati yao walielezwa kuwa na maambukizo ya Zika. Serikali ikasisitiza kwamba hapakuwa na mlipuko wa Zika nchini, na ndani ya siku chache Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi hiyo, Dk. Mwele Malecela, akaondolewa katika wadhifa wake. Mambo ya utawala si ya meza yangu. Ya lugha ni yangu, na kwa upande wa lugha kauli zile mbili hazikulazimika kupingana. Virusi vilivyojulikana tangu 1947 katika msitu ulio ng'ambo ya Ziwa, ambavyo watu wengi wanaovipata hawaugui, vinaweza kuacha alama katika damu ya watu wengi bila kuwapo mlipuko wowote. Ila nomino "maambukizo" haina wakati. Peke yake haisemi kama jambo limo mwilini leo au lilipita utotoni, na katika vichwa vya habari nomino hukaa peke yake.

Kutokana na hayo nawaletea wasomaji mapendekezo yafuatayo, nikijua kwamba Kamati itakuwa na neno lake.

Kuhusu kingamwili, nashauri tuliache kama lilivyo. Baadhi ya kamusi zimetumia fingomwili, na nakiri kwamba nalipenda: fingo ni kitu kinachofukiwa nyumbani ili kuilinda, na kubaki kwake ardhini baada ya hatari kupita kunaeleza jambo letu kuliko neno kinga. Hata hivyo kingamwili limekwisha kuenea hospitalini na shuleni, na istilahi inayotumika si ya kung'olewa kwa sababu ofisa mmoja anapenda nyingine zaidi. Linalotakiwa ni kutolikata. Mtafsiri wangu wa tatu alilikata likawa "kinga", na hapo ikawa ahadi kwamba mtu hataugua tena. Huenda ni kweli kwa ugonjwa ule mmoja, lakini sentensi haikusema hivyo, na chandarua bado kinahitajika kwa malaria.

Tutenge maambukizo na ugonjwa kila mara, na tuyape maambukizo wakati: maambukizo ya sasa, maambukizo yaliyopita. Tuseme "kiwango cha waliougua" pale wanapohesabiwa wenye dalili, na "kiwango cha wenye kingamwili" pale inapohesabiwa damu. Najua kwamba hili la pili ni refu, na kwamba vijana wa maabara tayari wanasema "seroprevalensi". Waendelee nalo wao kwa wao. Katika fomu inayosomwa kwenye kivuko urefu wa maneno manne si hasara. Mtafsiri wangu wa nne, aliyeandika "wamewahi kuugua", aliikaribia kweli kwa upande wa chikungunya, kwa sababu wengi wanaoambukizwa huugua, lakini kwa Zika angekosea vibaya kwa kutumia sentensi ileile. Badala ya chanya na hasi tuandike tu kwamba kingamwili "zimeonekana" au "hazikuonekana". Na kwa ile hali ya kingamwili za virusi hivi kuwashika ndugu zao, napendekeza "mwitikio mtambuka", ingawa ningefurahi kupata neno linalobeba undugu ndani yake.

Kirusi na virusi nayaacha. Lugha imekwisha kulichukua neno la kigeni na kulivika viambishi vya ki- na vi- bila kutuuliza, na sasa kila mara ninapohariri inanibidi nihakikishe kwamba kirusi kimoja hakisomwi kuwa ni lugha ya Moscow.

Siku ya tatu ya darasa lile tuliiandika sentensi upya kwa pamoja: "Damu ya mtu mmoja kati ya kila wakazi wanne ilionyesha kwamba wakati fulani huko nyuma virusi vya chikungunya viliwahi kuingia mwilini mwake, haina maana kwamba ni mgonjwa sasa." Yule mama wa Nansio aliinakili katika daftari lake, akaisoma kwa sauti mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kuongeza mwishoni kwamba hakuna anayehitaji kwenda hospitali kwa sababu hii. Tulibishana kidogo kama hiyo ni tafsiri au ni maelezo. Tulimwachia aiongeze.